Binti wa dukani na chuo cha biashara



Wazazi kadhaa wameniuliza juu ya mabinti zao waliokwisha kupata shahada ya kwanza na sasa wataka kusomea uzamili wa usimamizi wa biashara, yaani MBA. Swali huwa moja: chuo gani ndicho kikubwa? Nami huwauliza mawili: akimaliza atafanya kazi gani, na nani atalipa?

Anayekusudia kuendeleza biashara hapa nchini aitazame Strathmore, Nairobi, inayofundisha watu walio kazini. Wanafunzi wenziwe ndio atakaofanya nao biashara kesho. Anayetaka ng'ambo apime muda. INSEAD ya Ufaransa huchukua miezi 10, Harvard miaka 2, na tofauti hiyo ni kodi ya nyumba, chakula na mshahara aliouacha. Na ambaye moyo wake uko katika fedha za Kiislamu, kwa nini asiitazame INCEIF ya Kuala Lumpur, iliyoasisiwa na benki kuu ya Malaysia kwa elimu hiyo hasa?

Mikopo mingi ya wanafunzi ng'ambo ina riba. Familia ilizungumze jambo hili kabla ya kulipa ada ya maombi, si baada ya barua ya kukubaliwa kufika na furaha kutanda nyumbani. Ufadhili upo. Chevening ya serikali ya Uingereza hulipia uzamili wa mwaka mmoja, humtaka mwombaji awe na saa 2,800 za kazi, kisha arejee kwao kwa miaka 2. Kwa MBA huweka kikomo cha ada, basi kitazamwe mapema. (Suala la binti kusafiri peke yake lina makala yake, inshallah.)

Linalonishughulisha zaidi ni binti aliyekaa miaka minne katika duka la babake akadhani hana kazi ya kueleza. Huandika, "nilimsaidia baba dukani," akaishia hapo. Subhanallah! Ndiye aliyeagiza vitambaa Dubai, akafuatilia shehena ilipokwama bandarini, akalitoa daftari la madeni kwenye karatasi akalitia katika kompyuta. Vyuo hivi havitazami jina la cheo tu. Hutafuta mtu aliyekabidhiwa jambo, akakata shauri, matokeo yakaonekana. Basi na aeleze: madeni yalikuwa kiasi gani, alifanya nini, yamebaki kiasi gani. Na insha aiandike mwenyewe. Kununua insha ni udanganyifu, na kwenye mahojiano aliyeandikiwa hujulikana upesi.

Barua za mapendekezo kwa kawaida ni mbili, na hapa ndipo familia zetu huteleza. Baba humkimbilia mheshimiwa, au huja msikitini kunitaka mimi niandike. Naweza kushuhudia kwamba binti ana adabu na kwamba alihitimu Kurani kwangu. Sijamwona akipanga bei wala akisuluhisha wafanyakazi. Barua ile ni ushahidi, na shahidi husema alichokiona. Baba mwenyewe pia hafai, kwani barua ya jamaa haina uzito mbele ya vyuo. Aliyeajiriwa amwendee msimamizi wake. Wa dukani amwombe mhasibu wa nje anayekagua hesabu zao, au mfanyabiashara wa jumla aliyeshughulika naye kwa miaka. Amkumbushe visa viwili vitatu anavyovijua, kisha amwache aandike kwa maneno yake. Asimpelekee barua tayari ya kutia sahihi tu.

Mtihani wa GMAT ni wa saa mbili na robo, na alama zake hudumu miaka 5, kwa hivyo hauna sababu ya kuahirishwa. Vyuo vingi vya ng'ambo hufunga duru ya kwanza Septemba na ya pili Januari. Anayenuia Januari, waandishi wa barua zake wawe wameombwa kabla ya Novemba kwisha.