Simiti iliganda, na kila mmoja wetu alikuwa na cheo



Leo nataka tuongee kuhusu kamati. Najua, neno lenyewe linaleta usingizi. Lakini kaa nami kidogo, kwa sababu hiki ninachokusimulia kilitugharimu mifuko minane ya simiti, na kwa muda mrefu kikatugharimu imani ya watu waliotuchangia.

Hapa Ikonge, kaunti ya Nyamira, sisi Waislamu ni wachache. Klabu yetu ya kujitolea ilianza na vijana 17, na si wote ni Waislamu. Wengine ni majirani tuliokua nao, wa SDA na Wakatoliki, maana chemchemi haimuulizi mtu dini yake. Na mradi wetu wa kwanza ulikuwa huo huo, kujengea chemchemi iliyo chini ya mteremko ambako akina mama wengi huteka maji. Kama hujawahi kuona chemchemi ikijengewa, kazi ni hivi: mnachimba hadi mlipate jicho la maji, mnajenga ukuta, mnajaza mawe na kokoto nyuma yake, mnafunika juu kwa nailoni na udongo wa mfinyanzi, mnatoa bomba mbele, mnachimba mtaro wa kugeuza maji ya mvua yanayoshuka, kisha mnazungusha ua ng'ombe wasiingie. Kazi ya jasho, lakini si kazi ya ajabu.

Tulichangisha baada ya bonasi ya chai, wakati mifuko ya watu iko sawa. Kuna magokoro mmoja alitupa shilingi 200 alizokuwa amezifunga kwenye ncha ya leso. Hana mti hata mmoja wa chai, yule. Januari tukanunua simiti, tukapiga picha tumesimama nyuma ya mifuko, tukaweka mtandaoni. Watu wakatusifu sana.

Sasa sikiliza viongozi tuliokuwa nao: mwenyekiti, makamu, katibu, naibu katibu, mwekahazina, mratibu, mratibu msaidizi, mkuu wa nidhamu, msemaji, mlezi wa akina dada, mshauri. Watu 17, vyeo 11. Na kati ya hao wote hakuna hata mmoja aliyekuwa na kazi ya kutunza simiti. Mifuko iliwekwa kwenye banda la mwanachama mmoja, chini, juu ya udongo. Mwenyekiti alidhani mratibu ameshaongea na fundi. Mratibu alidhani anangoja barua ya makubaliano na mwenye shamba. Barua ilikuwa kazi ya katibu, na katibu ni mimi, na mimi nilidhani mwenyekiti amemalizana na yule mzee kwa mdomo kwa vile ni watu wa ukoo mmoja. Wiki zikaenda. Mvua ya Machi ikaja. Siku tuliyoenda kuchukua simiti Aprili, tulikuta mawe manane yenye umbo la mfuko.

Hakuna aliyeiba hata senti, na hapo ndipo panapouma. Mwizi angetupa mtu wa kumlaumu. Sokoni watu walisema tumekula pesa, na ungewajibu nini? Magokoro hakuuliza kitu. Alikuwa anatusalimia tu kama kawaida, na mimi nikaanza kupita njia nyingine.

Nimekuwa nikijiuliza tulikosea wapi, na jibu nililopata ni kwamba tulianza kugawa vyeo kabla hatujaorodhesha kazi. Siku ya uchaguzi tulikaa saa tatu nzima tukibishana nani awe makamu. Hatukutumia hata dakika tano kuuliza: kwani hapa kuna nini cha kufanywa? Cheo kikishatangulia, kazi inayotosha ni ile inayolingana na hadhi ya mwenye cheo. Kukagua kama simiti iko juu ya mbao au chini kwenye udongo haikulingana na hadhi ya mtu yeyote.

Cha kushangaza, wazee wetu wa Gusii hawakuwa na shida hii. Muulize nyanya yako kuhusu egesangio. Ni kikundi kidogo, mara nyingi akina mama, wanaolimiana mashamba kwa zamu. Leo kwako, kesho kwangu, kesho kutwa kwake. Hakuna mratibu msaidizi. Usipotokea kwenye shamba la mwenzako, siku ya zamu yako utalima peke yako na kila mtu atajua ni kwa nini. Kulikuwa pia na risaga, majirani wengi zaidi wanaoitwa kwa kazi kubwa ya siku moja kisha mwenye kazi anawaandalia pombe. (Sisi tuliweka uji wa wimbi, na sijasikia malalamiko.) Katika egesangio unajua kipande chako cha shamba, unajua siku yako, na wenzako wanakuona. Hayo tu.

Na wewe unayesoma sira unajua habari ya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria. Tunapenda kusimulia upepo na majeshi, lakini mimi siku hizi nasimama kwenye ule mgao wa kuchimba. Katika riwaya, kila watu 10 walipewa dhiraa 40 za handaki. Hakuambiwa mtu "tuchimbe wote, Allah atatusaidia" kisha basi. Kipande kilipimwa, kikapewa watu wanaohesabika. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alibeba mchanga mwenyewe pamoja nao. Kuna mwenyekiti wa klabu ninayemjua ambaye hajawahi kushika sururu, na si mbali na hapa. Tuendelee.

Klabu kubwa za huduma duniani zilifika mahali hapo hapo kwa njia yao. Rotary ilianzishwa Chicago mwaka 1905, na jina lake linatokana na mikutano kuzungukia ofisi za wanachama, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Yaani egesangio ya wenye tai. Nairobi walipata klabu yao mwaka 1930. Mpango wao wa kawaida una kamati tano: uendeshaji wa klabu, wanachama, sura ya klabu kwa umma, miradi, na mfuko wao wa kimataifa. Lakini ninachowaonea wivu ni kalenda yao. Mwaka wao huanza tarehe 1 Julai, rais anakaa mwaka mmoja, na anayemfuata anajulikana mapema, kwa hiyo anajifunza kazi kabla ya kukalia kiti. Linganisha na klabu zetu, ambapo mwenyekiti ni yule yule tangu akiwa kidato cha nne na sasa ana watoto wawili.

Usikimbilie kunakili zile kamati tano, lakini. Sisi watu 17 tulijaribu kujifanya wakubwa na umeona matokeo. Safari ya pili tulichukua daftari la shilingi 50, tukaandika kila kazi ya chemchemi bila jina la mtu. Kuongea na mwenye shamba. Barua, na nakala kwa chifu. Fundi. Kununua. Kupokea. Kutunza. Kupika siku ya kazi. Kuhesabu waliokuja. Kusafisha mtaro baada ya mradi kuisha, hii tulikuwa hatujawahi hata kuifikiria. Zilikuwa kazi 23. Ndipo tukaandika mbele ya kila kazi jina moja, jina la msaidizi, na tarehe. Jina moja, narudia. Ukiandika "vijana wote" umeandika hewa.

Baada ya hapo kazi zenyewe zilijipanga zikawa kamati tatu: ya pesa, ya kazi na vifaa, na ya watu. Vyeo vilibaki vinne, kwa sababu ukienda kusajili kikundi utaulizwa viongozi wako ni nani. Na jambo hili la usajili ulijue vizuri. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 inataka kikundi kiwe na watu wasiopungua 10, na kiwe na katiba yake. Kifungu cha 36 cha Katiba ya Kenya kinakupa haki ya kuunda chama au kujiunga nacho, na usajili hauwezi kunyimwa bila sababu ya maana. Kwa hiyo ukiambiwa "njoo kesho" mara ya tano, omba sababu kwa maandishi, kwa adabu. Lakini uwe nayo hiyo katiba na muhtasari wa mkutano mkononi. Kijana wa Kiislamu anayedai haki yake huku hana hata orodha ya wanachama anajidhoofisha mwenyewe.

Kuhusu pesa sitazunguka. Pesa ya klabu isiingie kwenye M-Pesa ya mtu. Najua mwekahazina wenu ni mwaminifu, wetu pia alikuwa mwaminifu, lakini mtoto akiugua usiku saa nane na simu ina pesa, mtu mwaminifu naye ni binadamu. Msimweke kwenye mtihani huo. Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, na pesa isitoke bila wawili. Halafu anayeidhinisha asiwe anayenunua, na anayenunua asiwe anayepokea mzigo na kuuhesabu. Risiti ipigwe picha iingie kwenye grupu siku hiyo hiyo. Mwanzoni mwenzetu mmoja alikasirika, akasema tunamshuku. Tukamwambia hii ndiyo itakayomjibia sokoni siku watu watakaposema amekula. Sasa yeye ndiye mkali kuliko wote kwenye risiti.

Nije kwa jambo ambalo baadhi ya ndugu hawatapenda. Angalia klabu yako, utaona akina dada wote wako kamati ya chakula, na akina kaka wote wako kwenye maikrofoni. Sisi tulikuwa na "mlezi wa akina dada", cheo ambacho mpaka leo sijui kazi yake ilikuwa nini. Tulipogawa kazi upya kwa kuuliza nani anaweza nini, dada aliyekuwa akipika chai ndiye aliyejua hesabu za ununuzi, kwa sababu anasimamia duka la baba yake. Amekuwa mwekahazina tangu hapo. Na kaka mmoja akagundua kwamba ugali wa watu 40 ni kazi ya nguvu kuliko kubeba mawe. Katiba ya nchi inataka vyombo vya umma visiwe na zaidi ya thuluthi mbili za jinsia moja. Klabu yako haijaulizwa hilo, lakini ukihesabu leo utapata ngapi?

Kuna swali ambalo huwa naulizwa na wenzetu wa Kisii mjini: mtu amejitolea, hafanyi kazi, utamfanyaje? Humlipi, kwa hiyo huwezi kumfukuza. Ukimsema mbele ya watu anaondoka na rafiki zake watatu. Sisi tulikubaliana hivi. Tarehe ikipita, msaidizi wake anampigia simu, si mwenyekiti. Wiki mbili zikipita kimya, msaidizi anachukua kazi, na kwenye daftari tunaandika tu "imepokewa na fulani". Hakuna hotuba. Mara nyingi utakuta kijana wa watu amepata kibarua cha kuchuma majani chai na haya ndiyo yaliyomzuia kusema. Mmoja wetu alinishukuru karibu alie, alikuwa ananikwepa mwezi mzima kama mimi nilivyomkwepa magokoro. Ila kwenye pesa hakuna wiki mbili. Hapo ni siku hiyo.

Hata siku ya kukutana ni mgao. Ijumaa ni yetu, Jumamosi ni ya wenzetu wa SDA, Jumapili asubuhi ni ya Wakatoliki. Kwa hiyo tunakutana Jumapili baada ya chakula cha mchana, nusu saa, tunasoma daftari mstari kwa mstari. Anayefungua mkutano habadilishi mada. Kama hakuna jipya kwenye mstari, tunaruka.

Chemchemi ilikamilika. Simiti ya pili ililala juu ya mbao, imefunikwa nailoni, na dada mmoja alikuwa anaikagua kila baada ya mvua mpaka tukaanza kumtania. Mambo bado hayajanyooka yote: kitabu cha makabidhiano tunakijaza vibaya, na makamu wa sasa hajaanza kumfunza mtu. Hiyo iko kwenye daftari, jina lake, tarehe 30 mwezi huu.

Siku ya kufungua maji magokoro alikuja na mtungi wake. Alitazama ukuta, akatazama mtaro, akauliza, "Na huu ukijaa matope, nimwite nani?" Tukampa jina moja na namba ya simu.