Ziwa moja, barabara mbili: mbona mbio za baiskeli zinaishia Rubavu?

GOMA – Mwisho wa Februari 2025, mji wa Goma ulikuwa umemaliza mwezi mmoja tu mikononi mwa M23 wakati waendesha baiskeli wa Tour du Rwanda walipofika Rubavu, mji ambao wakaaji wengi wa Goma wanaendelea kuuita Gisenyi. Kesho yake walielekea Karongi kwa kufuata vilima vya Ziwa Kivu. Timu ya vijana ya Soudal Quick-Step kutoka Ubelgiji ilikuwa imekataa kuja kwa sababu za usalama. Wengine walikuja, na mbio zikaendelea.

Miezi saba baadaye, tarehe 21 hadi 28 Septemba, Kigali ikapokea mashindano ya dunia ya baiskeli barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Siku ya mwisho wanaume walipewa kilometa 267.5, na jumla ya kupanda mita 5,475. Kwa mkaaji wa Goma hesabu ni rahisi: ni kama kutoka ukingo wa ziwa hadi kileleni mwa Nyiragongo zaidi ya mara mbili na nusu, kwa siku moja. Kati ya watu 165 walioanza, 30 tu ndio waliomaliza. Tadej Pogačar wa Slovenia aliwashambulia wenzake zikiwa zimebaki kilometa zaidi ya 100, akashinda kwa muda wa saa 6 na dakika 21.

Kwa upande wa vilima, Kivu Kaskazini haina sababu ya kuionea Rwanda wivu. Goma iko kwenye mita karibu 1,500 juu ya usawa wa bahari, sawa na Kigali. Tofauti inaanzia barabarani.

Tuangalie ziwa lenyewe. Ukingo wa mashariki una Congo Nile Trail, njia ya kilometa 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi, ambayo watalii wanaipita kwa miguu au kwa baiskeli kwa siku kadhaa. Tangu 2020 kuna pia Race Around Rwanda, mzunguko wa takribani kilometa 1,000 ambapo kila mshiriki anabeba vitu vyake na kujitengenezea baiskeli mwenyewe ikiharibika. Watu wanasafiri kutoka Ulaya na kulipa pesa ili wateseke kwenye vilima hivyo.

Ukingo wa magharibi una barabara ya Goma hadi Bukavu: kilometa karibu 200, kupitia Sake, Minova, Nyabibwe na Kalehe. Ni ziwa lile lile, na mandhari pengine ni mazuri zaidi. Lakini sehemu kubwa haina lami. Sake ilikuwa mstari wa mbele wa vita karibu mwaka mzima wa 2024. Mwezi Mei 2023, mafuriko ya Bushushu na Nyamukubi yaliua watu zaidi ya 400. Minova ilianguka mikononi mwa M23 mwezi Januari 2025, siku chache kabla ya Goma, na Bukavu ikafuata mwezi Februari.

Mbio za baiskeli si kama mechi ya mpira. Uwanja una kuta, na polisi wachache wanatosha kuulinda. Mbio za kilometa 150 zinadai kilometa 150 za usalama kwa wakati mmoja, barabara ikiwa imefungwa kwa magari, pamoja na ambilansi na hospitali iliyo karibu. Mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya IPIS ya Ubelgiji walihesabu barieri 798 katika Kivu mbili, ambapo watu wenye silaha au maafisa wa serikali wanatoza wapita njia. Barabara ya Goma kwenda Rutshuru, yenye mpando mzuri hadi Kibumba, ndiyo ile ambayo balozi wa Italia, Luca Attanasio, alishambuliwa na kuuawa tarehe 22 Februari 2021 pamoja na mlinzi na dereva. Ni nani angetia saini kibali cha mbio hapo?

Siasa nayo haikukosa. Serikali ya Kinshasa iliyataka mashirika na timu za michezo duniani kuvunja mikataba yao na Kigali. Bunge la Ulaya, katika azimio la Februari 2025, liliomba mashindano ya Septemba yafutwe kama Rwanda haitabadilisha mwenendo. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema jeshi la Rwanda linaisaidia M23, Kigali inakanusha. Shirikisho la dunia la mchezo huo, UCI, lilishikilia kwamba hakuna mpango mwingine. Kufuta mashindano kusingefungua barabara ya Sake, hilo ni kweli. Lakini kusema kwamba michezo haihusiani na siasa ni rahisi kwa mtu ambaye barabara yake iko wazi.

Wakati huo huo, watu wa Kivu wanapanda na kushuka kila siku. Waendeshaji wa chukudu wanaisukuma tupu hadi Kibumba, halafu wanateremka na viazi, kabichi au makala, mzigo wa mamia ya kilo juu ya magurudumu ya mbao, breki ikiwa kipande cha mpira chini ya mguu. Tangu 2009 mji una sanamu yao ya rangi ya dhahabu kwenye rond-point Chukudu. Hawana saa ya kupima muda wala timu. Kinachowasubiri njiani ni barieri.

Kijana wa Goma mwenye baiskeli ya mbio na miguu imara anaweza kufanya mazoezi asubuhi kwenye lami ya mji, lakini mazoezi hayo hayampi nafasi katika timu ya taifa. Akitaka kuonekana, lazima afike Kinshasa, na uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa tangu vita vya mwisho wa Januari 2025. Kwa hiyo, ili akashindanie nafasi ya kuvaa rangi za Kongo, anaanza safari kwa kuvuka mpaka wa Rwanda au wa Uganda, baiskeli ikiwa imefungwa juu ya basi.