Kinga ya Mbunge ni Haki ya Mpiga Kura

Tarehe 20 Mei 2025 Mahakama ya Katiba mjini Kinshasa ilimhukumu Augustin Matata Ponyo miaka 10 ya kazi za kulazimishwa, katika kesi ya takriban dola milioni 247 za umma zilizohusu mradi wa kilimo wa Bukanga Lonzo. Mzaliwa huyu wa Kindu alikuwa waziri mkuu kuanzia 2012 hadi 2016, akawa seneta wa Maniema mwaka 2019, na mwaka 2023 Kindu ikamchagua kuwa mbunge wa taifa. Mashtaka ameyakana. Mjadala mwingi umehusu hatia yake. Mimi naona swali linalomgusa zaidi mkazi wa Mikelenge mjini Kindu, awe alimpa kura au alimnyima, ni hili: je, mbunge aweza kushtakiwa na kuhukumiwa bila Bunge kuulizwa?

Ibara ya 107 ya Katiba inajibu waziwazi. Wakati wa vikao, mbunge hashtakiwi wala hakamatwi bila idhini ya baraza lake, isipokuwa akifumaniwa akitenda kosa. Kikao cha Machi huanza tarehe 15 Machi na kumalizika 15 Juni. Hukumu ilitolewa katikati yake. Spika wa wakati huo, Vital Kamerhe, alikuwa ameiandikia Mahakama kuikumbusha sharti hilo, lakini kesi ikaendelea. Kinga hii haikuwekwa ili kumpendeza mwanasiasa. Imewekwa ili kiti walichokijaza raia wa Kindu, kutoka Kasuku, Mikelenge na Alunguli, kisiachwe wazi kwa uamuzi wa watu ambao raia hao hawakuwachagua.

Wapo wanaosema makosa hayo ni ya enzi za uwaziri mkuu, na kesi ilikuwa imeanza kabla hajawa mbunge. Hoja ina uzito, ila Ibara ya 107 haitofautishi kosa la jana na la leo. Inalinda wadhifa unaoshikiliwa sasa. Wengine wanahoji kwamba kinga ni maficho ya wezi. Hofu hiyo ni halali katika nchi ambayo fedha za umma zimepotea mara nyingi. Lakini kuomba idhini si kufuta kesi. Mwaka 2021 Seneti ilikataa kwanza kuondoa kinga ya Matata Ponyo kuhusu Bukanga Lonzo, kisha mwezi uliofuata ofisi ya Seneti ikakubali katika faili jingine, la fidia za mali zilizotaifishwa enzi za Zaire. Mlango wa sheria, basi, hufunguka ukibishwa hodi, na wanaoufungua au kuufunga huwajibika kwa uamuzi wao.

Ulinzi huo ni muhimu zaidi mbele ya mahakama ambayo hukumu zake hazikatiwi rufaa. Tena ni Mahakama ileile iliyosema Novemba 2021 kwamba haina mamlaka ya kumhukumu waziri mkuu wa zamani, na mwaka mmoja baadaye, ikiwa na majaji wapya, ikasema inayo. Anayetaka fedha za Bukanga Lonzo zitolewe hesabu, nami nazitaka, ana sababu kubwa ya kudai utaratibu usio na doa. Hukumu iliyoruka Bunge humwachia mshtakiwa nafasi ya kujiita mhanga wa siasa, na humwacha mpiga kura wa Mikelenge bila hakika ya mambo mawili: ukweli kuhusu fedha zile, na heshima ya kura yake.