KONA YA VIJANA NA WAZAZI: Nani anautunga mchezo wa video?

Mwezi huu tunaongea juu ya jambo linaloleta maneno mengi nyumbani: michezo ya video, ile ya kwenye simu. Mama anasema, "Mtoto amemaliza chaji yote kwa mambo ya bure, sasa nitampigia shangazi yake Bukavu na nini?" Mtoto naye anajibu kwamba anajifunza. Sisi walimu wa kujitolea tunasikia pande zote mbili, na tunaona kila upande una haki yake kidogo.

Lakini leo swali letu ni lingine. Ile michezo inatoka wapi? Vijana wengi tunaowafundisha wanafikiri kompyuta inajitungia yenyewe. Hapana jamani. Inatungwa na watu, na mara nyingine watu hao ni wanafunzi wa chuo kikuu ambao hawajapata hata kazi ya kwanza.

Mambo haya hayakuanza jana. Mwaka 1962, vijana wa chuo cha MIT kule Marekani walitunga Spacewar!, mchezo wa vyombo viwili vinavyopigana angani. Kompyuta waliyotumia ilikuwa kubwa kama makabati, na mchezo wenyewe hawakuuuza, waligawiana tu. Mwaka 2005, wanafunzi wa chuo cha DigiPen, huko huko Marekani, walitunga mchezo wa milango miwili: unaingia kwa mlango huu, unatokea kwa ule mwingine. Ilikuwa kazi yao ya mwisho ya masomo. Kampuni ya Valve iliuona, ikawaajiri, na mwaka 2007 wazo lile lilitoka kwa jina la Portal, mchezo uliojulikana dunia nzima.

Karibu na sisi, Nairobi, yuko Wesley Kirinya. Alikuwa Chuo Kikuu cha Nairobi, akaacha masomo kusudi atunge michezo. Mwaka 2007 alitoa The Adventures of Nyangi, na shujaa wake ni mwanamke wa Kiafrika. Baadaye alishirikiana na Eyram Tawia wa Ghana katika kampuni ya Leti Arts. Hatusemi muache shule kama yeye! Tunasema tu kwamba hata huku kwetu jambo hili linawezekana.

Sasa tufike kwenye mchezo unaotugusa sisi wa kambini. Mwaka 2006, wanafunzi wa University of Southern California, wakiongozwa na Susana Ruiz, walitunga mchezo wa kompyuta ulioitwa Darfur is Dying, yaani Darfur inakufa. Walitaka vijana wa Marekani waelewe vita vya Darfur, Sudani. Unachagua mtu mmoja wa familia, unamtuma mbali kuchota maji. Njiani kuna wapiganaji ndani ya magari. Unakimbia, unajificha, unakimbia tena. Ukirudi salama, maji yanatumika kambini, na kazi yako ni kuiendesha kambi ile siku saba.

Kuna sheria moja ndani yake ambayo wasomaji wetu wataielewa bila mwalimu. Ukimchagua baba aende kuchota maji, mchezo unakataa. Unakwambia wanaume wazima hawaendi, kwa kuwa wakikamatwa watauawa. Basi wanatumwa mama na watoto. Wale wanafunzi hawakuandika hotuba ndefu. Waliandika sheria moja tu, na mchezaji aliyekaa salama mbele ya kompyuta yake akaonja kidogo uchaguzi ambao wazazi wengi wamewahi kuufanya.

Watu mamia ya maelfu waliucheza. Wengine waliulaumu, wakasema mateso ya watu si mchezo. Sisi tulijadiliana sana juu ya hilo. Mwenzetu mmoja alisema ni heri tutajwe hivyo kuliko kusahauliwa. Mwingine alisema yule mchezaji anafunga kompyuta na kwenda kula, wakati mama wa Darfur bado anatembea na maji. Wote wawili tuliwaelewa. Lakini kitu kimoja hatukubishana: mchezo ule ulitungwa na watu wa nia njema waliokuwa mbali. Na wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Je, aliyekilalia anaweza kutunga? Anaweza. Lual Mayen ni mkimbizi wa Sudani Kusini aliyekulia kambini, kaskazini mwa Uganda. Alimwambia mama yake kwamba anataka kompyuta. Mama alikuwa anashona nguo. Akaweka akiba miaka mitatu, kimya kimya, mpaka dola 300 zikatimia, akamnunulia. Kambini hakukuwa na umeme, kwa hiyo kijana alitembea saa tatu kwenda kuichaji. Akajifundisha mwenyewe kutunga programu, na akatunga mchezo alioupa jina Salaam, yaani amani. Ndani yake unamkimbiza mkimbizi salama, unamtafutia maji, chakula na dawa. Mwaka 2018 alipewa heshima kwenye The Game Awards, sherehe kubwa ya michezo ya video huko Marekani.

Wazazi wetu, tazameni yule mama. Alimsikia mtoto anataka kompyuta, akaweka akiba mpaka akampatia. Hatuwaambii mnunue kompyuta, tunajua hali. Ila kuna tofauti kati ya mtoto anayecheza mchezo mpaka chaji inaisha na mtoto anayeuliza umetungwaje. Yule wa pili msimfukuze.

Na umetungwaje? Wazee wanaocheza igisoro wanajua kutushinda. Ubao una mashimo 32, kuna mbegu 64, na kuna sheria. Ondoa sheria, yanabaki mashimo tu. Mchezo wa video ni hivyo hivyo, tofauti ni kwamba kompyuta ndiyo inayohesabu mbegu. Kila kitu lazima kiandikwe: bidoni ikijaa, mtoto atembee polepole, akijikwaa, maji yapungue. Usipoandika, haitokei, kwa sababu kompyuta haina akili ya kukisia. Ile x mnayoichukia kwenye hesabu ndiyo inayoshika idadi ya maji ndani ya bidoni. Mwenye kuchora anachora bomba na mlima, na mwenye kujua hadithi anatafuta mwanzo na mwisho wake. Mtu mmoja ni vigumu kuwa na vyote, ndiyo maana wanafunzi wengi hutunga kwa kikundi.

Anayepata nafasi ya kushika kompyuta aulizie Scratch, programu ya bure iliyotoka MIT mwaka 2007 kwa ajili ya watoto na wanaoanza. Ipo kwa Kiswahili, na ikishawekwa kwenye kompyuta haihitaji intaneti. Na chuo kikuu pia si ndoto tu kwa mkimbizi. Mwaka 2015 Kepler ilifungua masomo ya shahada ndani ya kambi ya Kiziba, hapa hapa Rwanda, kando ya Kivu.

Tusidanganyane lakini. Michezo mingi inayotungwa haileti hata senti. Faida ya kwanza ni kujifunza kupanga wazo mpaka mtu mwingine alielewe, na hiyo inasaidia kazi yoyote.

ZOEZI LA MWEZI KWA FAMILIA. Chukueni karatasi moja na biki. Choreni njia ya miraba 30, kutoka nyumbani mpaka bombani na kurudi. Punje za mahindi ndiyo wachezaji. Kama hamna kete, andikeni namba 1 mpaka 6 kwenye vikaratasi, mkunje, mchukue bila kutazama. Tungeni sheria tano. Sheria mbili ziwe za shida: foleni ndefu, mvua na utelezi. Mbili ziwe za mambo mema ambayo mtu wa mbali hawezi kuyajua: jirani aliyekushikia nafasi, bibi anayesimulia vichekesho kwenye foleni. Ya tano chagueni wenyewe.

Kisha mpeni jirani acheze bila kumwelezea kwa mdomo, asome tu. Akikwama, msimcheke, rekebisheni sheria. Wale wanafunzi wa chuo kikuu nao wanafanya hivyo: wanaandika, wanamwachia mtu acheze, anakwama, wanaandika upya.

Leteni karatasi zenu darasani kabla mwezi haujaisha. Tutazibandika ukutani, na Jumamosi ya mwisho watoto watacheza michezo ya familia zote. Majina ya watunzi yaandikwe chini, na mama aliyetoa wazo la foleni naye aandikwe.