Simba Elsa na Mtoto wa Salgaa

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika uandishi wa vitabu vya watoto kuhusu mazingira na tamaduni za Bonde la Ufa, mgeni alikwisha kuja, akaandika, akasifika ulimwenguni kote. Swali linalonikereketa ni iwapo mwenyeji amekwisha kupona.

Mgeni ninayemkusudia ni Joy Adamson, aliyezaliwa mwaka wa 1910 katika mji wa Troppau, ambao leo ni Opava katika Jamhuri ya Cheki, na kufika Kenya mwaka wa 1937. Kitabu chake Born Free, kilichochapishwa mwaka wa 1960, kinasimulia habari za Elsa, simba jike aliyelelewa na Adamson na mumewe George tangu uchanga, kisha akafunzwa kuwinda na kurejeshwa mwituni. Baadaye mwandishi huyo aliwaandalia watoto vitabu vyao vyenye picha, kikiwemo kile cha duma aitwaye Pippa. Nyumba yake, Elsamere, ingalipo kando ya Ziwa Naivasha, katika kaunti hii hii ya Nakuru. Fauka ya hayo, kabla ya Elsa kumpa umaarufu, Adamson alikuwa amezunguka nchi akichora mamia ya picha za watu wa makabila yetu wakiwa katika mavazi ya jadi, na baadhi ya picha hizo zikaingia katika kitabu chake The Peoples of Kenya cha mwaka wa 1967.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kwa Elsa, watoto wa mataifa mengi walifahamu kwamba simba ni kiumbe mwenye tabia na hisia zake, wala si ngozi ya kutandazwa sakafuni. Isitoshe, mapato ya vitabu hivyo yalielekezwa katika uhifadhi wa wanyamapori. Kwa hayo mwandishi huyu anastahili kongole.

Hata hivyo, picha zake za watu zina walakini. Aghalabu kila mtu yumo peke yake, amevaa vazi la sherehe, kana kwamba kabila lake halina jirani wala soko wala ndoa na watu wengine. Yamkini zilifaa kuhifadhi mavazi yaliyokuwa yakitoweka. Lakini je, zinamfaa mtoto anayetaka kumwelewa jirani yake?

Hebu tuelekee Salgaa, magharibi mwa mji wa Nakuru, katika barabara kuu iendayo Eldoret. Hapa ndipo madereva wa malori yatokayo Mombasa kuelekea Uganda, Rwanda, Kongo na Sudan Kusini hupumzika. Katika eneo hili la Rongai, Mkalenjin, Mkikuyu, Mluhya, Mluo, Mkisii na Mturkana huishi kwa kupakana. Utamaduni hapa ni namna ya kuamkiana, chakula cha hotelini, na jinsi ya kumzika maiti. Lugha inayowaunganisha wote hao ni Kiswahili. Mtoto wa Salgaa hana haja ya kuabiri ndege ili auone ulimwengu. Ulimwengu humjia kila jioni na kuegesha lori mlangoni pake.

Je, mtoto huyo huisoma wapi habari ya kwao? Magazeti huitaja barabara hii panapotokea maafa: moto wa lori la mafuta pale Sachang'wan mnamo tarehe 31 Januari 2009, ulioua watu zaidi ya 100, na ajali ya Migaa ya tarehe 31 Desemba 2017, iliyoua watu 36. Kabla ya hayo, ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zilikuwa zimewafanya majirani wa Molo, Kuresoi na Nakuru kuwindana kwa misingi ya kabila. Mtoto asiyemjua jirani kwa hadithi atafundishwa kumjua kwa minong'ono ya wakubwa wakati wa kampeni. Hapo ndipo penye hatari.

Hali ni iyo hiyo kwa mazingira. Mto Molo hutoka katika vilima vya Mau, ukapita maeneo ya Rongai hadi Ziwa Baringo. Mto Njoro nao hutoka Mau ukamiminika katika Ziwa Nakuru. Maji ya ziwa hilo yalipofurika katika muongo wa 2010, chumvi yake ilipungua, mwani unaoliwa na heroe, yaani flamingo, ukapungua pia, na ndege wengi wakahamia kwingineko, likiwemo Ziwa Bogoria. Ni hadithi gani iliyo tamu kwa mtoto kuliko ya ndege waliohama kwa sababu chakula chao kiliyeyuka?

Najua wapo watakaosema kuwa vitabu vya watoto havinunuliwi visipotahiniwa. Hoja hiyo ina uzito, lakini wenzetu wa Tanzania wameonyesha njia. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa mwaka wa 1991, ulimwondolea mchapishaji hofu kwa kununua sehemu ya nakala na kuzipeleka shuleni. Naye John Kilaka, mchoraji wa mtindo wa Tingatinga, amezifikisha hadithi zake za wanyama hadi Ulaya. Hapa kwetu, Katiba ya mwaka wa 2010 iliziweka maktaba miongoni mwa majukumu ya kaunti. Basi kaunti ya Nakuru na izinunulie maktaba zake hadithi za Kiswahili zinazoandikwa kuhusu mito, misitu na watu wake.

Mpenzi msomaji, wajibu uliosalia ni wetu sisi wanafunzi wa Kiswahili. Tumezoea kuhakiki riwaya zile zile zilizokwisha kuhakikiwa na waliotutangulia. Kila mmoja wetu na aandike hadithi moja fupi ya watoto kuhusu mto wa kwao, mnyama wa kwao, au jirani asiyesema lugha ya mama yake. Kisha aisome mbele ya darasa la watoto kabla ya kuileta kwa mhariri, kwa maana hakuna mhakiki mkali kuliko mtoto aliyechoka kusikiliza. Mgeni alitimiza yake. Mwenyeji na ashike kalamu.