Kiwanja Kwanza: Wito kwa Wananchi wa Msamala Kuhusu Tenisi ya Kulipwa na Watoto Wao

Mwishoni mwa Februari 2024 jiji la Kigali lilipokea kwa mara ya kwanza mashindano ya Challenger, ambayo ni daraja la pili la tenisi ya kulipwa ya wanaume linalosimamiwa na ATP, yaani chama cha wachezaji wa kulipwa kilichoanzishwa mwaka 1972. Mashindano hayo yalichezwa kwa majuma mawili mfululizo katika viwanja vya udongo vya klabu ya Ecology, na bingwa wa kila juma alijipatia pointi 50 za kuhesabia nafasi yake duniani. Mwaka 2025 yalirudi yakiwa yamepandishwa hadhi, juma la kwanza likiwa la pointi 75 na la pili la pointi 100. Bingwa wa Wimbledon hupata pointi 2,000, hivyo hakuna haja ya kulikuza jambo kupita kiasi. Hata hivyo, tenisi ya kulipwa sasa inachezwa mahali ambapo Mtanzania anaweza kufika kwa basi, na kila toleo linapokaribia, vyombo vya habari vya kanda hii hujaa majina ya wageni watakaokuja, zawadi zitakazotolewa na shughuli za kijamii zitakazoandaliwa. Wito unaotolewa hapa kwa wananchi wa kata ya Msamala, katika Manispaa ya Songea, ni kwamba wasikubali kubaki wasomaji wa habari hizo, bali waungane kujenga kiwanja kimoja cha tenisi kwa nguvu zao wenyewe, ili mashindano yajayo, yawe ya Kigali, ya Nairobi au ya Dar es Salaam, yawakute watoto wao wakiwa tayari na raketi mkononi.

Ili wito huu ueleweke, ni vema kwanza kueleza jinsi ngazi ya mchezo huu ilivyopangwa. Tangu Agosti 1973 wachezaji wa kiume wamekuwa wakipangwa kwa orodha ya kompyuta, ambayo hujumlisha pointi walizokusanya katika mashindano yanayotambuliwa. Ngazi ya chini kabisa husimamiwa na Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ITF, na mashindano yake hutambulika kwa alama za M15 na M25, ambapo herufi husimama kwa wanaume na namba huonyesha pointi za bingwa; Nairobi imekuwa mwenyeji wa mashindano ya M25 katika miaka ya karibuni. Juu yake ndipo ilipo Challenger, na juu ya Challenger ndipo yalipo mashindano ambayo watu huyaona kwenye televisheni. Ngazi hiyo ni ngumu kwa mtu asiye na mtaji, kwa kuwa kijana anayefungwa katika raundi ya kwanza ya mashindano ya M15 huondoka na fedha isiyotosha hata nauli ya ndege ya kwenda kwenye mashindano mengine, na ndiyo maana mashindano yanapofanyika karibu na nyumbani huwa msaada mkubwa kuliko hotuba yoyote kuhusu kukuza vipaji.

Juma la mashindano yenyewe lina utaratibu wake. Siku mbili za mwanzo huwa za mchujo, ambapo wachezaji wa nafasi za chini hupigania nafasi chache zilizobaki. Kisha huanza ratiba kuu ya wachezaji 32 wa mmoja mmoja na timu 16 za wawili wawili, nayo huendelea hadi fainali mwishoni mwa juma. Ndani ya ratiba hiyo mwenyeji hupewa nafasi za upendeleo, yaani ruhusa ya kuwaingiza wachezaji ambao orodha ya dunia isingewaruhusu, na kwa njia hiyo vijana wa nchi mwenyeji hupata kupambana na watu ambao wasingekutana nao popote. Wengi wao hufungwa mapema. Hilo si aibu, ila linaonyesha waziwazi kwamba nafasi ya upendeleo haina faida kubwa kwa nchi ambayo haina watoto wengi wanaocheza, kwa sababu upendeleo hauwezi kujaza pengo la miaka kumi ya mazoezi ambayo hayakufanyika.

Pembeni ya mechi ndipo penye mambo yanayowahusu watu wa Msamala moja kwa moja. Mashindano ya namna hii kwa kawaida huambatana na mafunzo mafupi ya watoto, ambayo wenye mchezo huyaita kliniki, ambapo mchezaji wa kulipwa au kocha hukaa na kundi la wanafunzi kwa saa moja au mbili. Huwapo mechi za maonyesho, na mara nyingine mechi za viti mwendo, ambazo sheria zake zinafanana na za tenisi ya kawaida isipokuwa mpira unaruhusiwa kudunda mara mbili kabla ya kurudishwa. Vijana hufundishwa kazi ya kuokota mipira, na watu wazima hupewa mafunzo ya uamuzi. Shughuli hizi ni njema, lakini zina udhaifu ambao waandaaji hawapendi kuutaja: mtoto aliyefundishwa Jumatano namna ya kushika raketi, na ambaye Jumatatu inayofuata hana raketi wala kiwanja, amepewa kumbukumbu tu.

Historia ya mchezo huu barani Afrika inaunga mkono hoja hiyo. Mwaka 1971 Mmarekani Arthur Ashe, alipokuwa katika ziara ya Afrika, alifika Yaoundé nchini Kamerun na kumwona mtoto wa miaka 11 aitwaye Yannick Noah, akavutiwa naye na kumsaidia kupata mafunzo nchini Ufaransa; mwaka 1983 Noah akawa bingwa wa mashindano ya Ufaransa ya Roland Garros. Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama habari ya bahati, kana kwamba mgeni maarufu akipita mahali ndipo kipaji huzaliwa. Ukweli ni kwamba Ashe alimkuta mtoto yule akiwa tayari anacheza, katika kiwanja ambacho tayari kilikuwapo. Angefika mahali pasipo na kiwanja asingemwona mtu. Vivyo hivyo Mkenya Paul Wekesa, aliyefikia nafasi ya 100 duniani mwaka 1995, na Angella Okutoyi, ambaye Julai 2022 alitwaa taji la Wimbledon la wasichana wa wawili wawili akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, wote walianzia mahali palipokuwa na kiwanja na mtu mzima aliyekubali kuwasimamia.

Yapo mawazo mawili ambayo kwa hakika yatasikika katika mkutano wowote wa mtaa litakapotajwa jambo hili. La kwanza ni kwamba tenisi ni mchezo wa wakubwa, na wazo hilo lina msingi, kwa kuwa katika Tanzania mchezo huu uliingia kupitia klabu za wakoloni, Gymkhana ya Dar es Salaam ikiwa mfano unaojulikana zaidi, ambamo Mwafrika aliingia kama mtumishi muda mrefu kabla hajaingia kama mwanachama. Lakini mpira wa miguu nao uliletwa na watu haohao, na hakuna mtu wa Songea atakayesema kwamba Majimaji, timu iliyotwaa ubingwa wa Muungano katikati ya miaka ya 1980, ilikuwa ya wageni. Mchezo huwa wa wale wanaoucheza kwa wingi.

Wazo la pili ni kwamba kiwanja ni kazi ya serikali. Hapo ndipo historia ya Ruvuma inapopaswa kukumbukwa. Katika miaka ya 1960, kabla neno ujamaa halijawa sera ya nchi nzima, wanakijiji wa Litowa, katika wilaya hiyohiyo ya Songea, walikuwa wamekwisha kuunda kijiji cha kazi ya pamoja, na jumuiya ya vijiji iliyojulikana kwa kifupi kama RDA iliendesha mashamba na shule kwa maamuzi ya wanachama wenyewe, mpaka ilipovunjwa Septemba 1969. Jumuiya hiyo haikufa kwa sababu wananchi walishindwa kufanya kazi pamoja. Iliondolewa kwa uamuzi wa kisiasa uliotoka juu. Kwa watu ambao wazee wao walifanya hayo, kusawazisha kipande cha ardhi chenye ukubwa usiofikia robo ya uwanja wa mpira si jambo la kuwashinda.

Kipande chenyewe kinajulikana vipimo vyake. Kiwanja cha tenisi kina urefu wa mita 23.77, na upana wa mita 8.23 kwa mchezo wa mmoja mmoja au mita 10.97 kwa wawili wawili. Wavu wake una kimo cha mita 0.914 katikati na mita 1.07 kwenye nguzo. Ukijumlisha nafasi ya wachezaji kukimbilia nyuma na pembeni, eneo la mita 37 kwa 19 linatosha. Halihitajiki zege wala lami. Barani Afrika na hata Australia viwanja vingi vimetengenezwa kwa udongo wa kichuguu, ambao hupondwa, huchekechwa, humwagiwa maji na kushindiliwa kwa roli zito mpaka ukakamae. Roli lenyewe laweza kuwa pipa la chuma lililojazwa zege na kuwekewa mpini, na mistari ikachorwa kwa chokaa. Vichuguu si haba pembezoni mwa Songea, na mafundi uashi wa Msamala wanajua kupima mteremko wa kupitisha maji kuliko kampuni yoyote itakayotoka mbali. Kwa kuwa mvua za Songea huanza kati ya Novemba na Desemba na kumalizika karibu na Aprili, kazi hii ifanywe baada ya mavuno ya mahindi, kati ya Juni na Septemba, ili udongo ukauke na kushikana kabla ya msimu mwingine. Kiwanja cha udongo kisichotunzwa hugeuka kichaka ndani ya mvua moja, kwa hiyo zamu ya kukifagia na kukimwagilia ipangwe kabla ya siku ya kwanza ya kuchimba.

Mahali panapofaa zaidi ni ardhi ya shule ya umma, kwa kuwa hapo umiliki hauna mgogoro na watoto wapo kila siku. Yafaa jambo hili liingizwe katika ajenda ya mkutano mkuu wa mtaa, lipelekwe katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, na kumbukumbu za vikao zitunzwe vizuri, kwa sababu Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, uliwekwa kwa ajili ya miradi ambayo wananchi wenyewe wameibua, na mradi ulioanzwa kwa jasho huombewa fedha kwa uso mkavu. Uamuzi mmoja uandikwe tangu mwanzo: kiwanja hakitakuwa na ada kwa mtoto, na saa za wasichana zitatengwa na kuheshimiwa, maana uzoefu wa viwanja vya pamoja ni kwamba wavulana wakubwa huvitwaa pasipo mtu kuamua hivyo. Njia ya kuingilia iwe pana na isiyo na ngazi, ili mwenye kiti mwendo afike bila kubebwa.

Kuhusu vifaa, ipo fursa ambayo wengi hawaijui. Katika tenisi ya kulipwa mipira hubadilishwa mara kwa mara, mara nyingi baada ya gemu saba za mwanzo na kisha kila baada ya gemu tisa, kwa kuwa mpira hupoteza mdundo upesi. Juma moja la mashindano kwa hiyo huacha marundo ya mipira ambayo haimfai tena mchezaji wa kulipwa, lakini inamfaa sana mtoto wa darasa la tatu. Mpira uliolegea humfaa kuliko mpya: tangu mwaka 2012 sheria za ITF zinazuia mpira wa kawaida kutumika katika mashindano ya watoto wa miaka 10 na chini, nao hutumia mipira ya polepole yenye alama nyekundu, ya rangi ya chungwa au kijani katika viwanja vilivyopunguzwa, kiwanja cha ngazi ya nyekundu kikiwa na urefu wa mita 11 tu. Wana Songea waishio Dar es Salaam, Nairobi na Kigali wanaombwa kuziandikia klabu za huko na kuomba mipira na raketi zilizotumika, na wenye mabasi ya Songea wanaombwa kuvisafirisha vifaa hivyo bila malipo. Maseremala wa Msamala nao wanaweza kuchonga vibao vya kuanzia, ambavyo kwa mtoto wa miaka saba vinatosha kabisa kwa muhula wa kwanza.

Ipo pia sababu ya kijiografia inayostahili kutajwa, ingawa si kubwa. Kigali ipo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500 na Nairobi takriban mita 1,700, na kwa kuwa hewa nyepesi hufanya mpira uruke kasi zaidi, sheria za mchezo zinaruhusu mipira maalumu mahali palipozidi mita 1,219. Songea ipo karibu na mpaka huohuo, hivyo kijana aliyekulia hapo hatashangazwa sana na mpira wa Kigali kama mwenzake aliyetoka pwani.

Songea ina desturi ya mikusanyiko ambayo tenisi inaweza kuingizwa bila kuanzisha sherehe mpya. Tamasha la Majimaji Selebuka limekwisha kuwaunganisha watu kwa mbio, baiskeli, ngoma na midahalo ya wanafunzi; na kila tarehe 27 Februari mji huwakumbuka mashujaa wa Vita vya Majimaji walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906, siku ambayo mwaka 2024 iliangukia ndani ya juma la kwanza la Challenger ya Kigali. Msamala itakapokuwa na kiwanja, siku moja ya watoto katika Selebuka, pamoja na mechi za shule katika juma la kumbukizi, zitatosha kuanzia, na Chama cha Tenisi Tanzania kialikwe kuleta kocha kuja kuona watoto wanaocheza tayari. Wenyeviti wa mitaa ya Msamala wanaombwa kuliweka jambo hili katika ajenda ya mkutano ujao, na kila mkazi mwenye jembe, toroli au saa mbili za Jumamosi anaombwa kuhudhuria mkutano huo na kujiandikisha.