Studio inauzwa, lakini sertifika iko kwa jina la nani?



Kwenye simu zetu matangazo ya namna hii hayaishi kupita: «Studio ya kuuza, Nguba, etaje ya pili, dushi na choo ndani, maji iko, bei ya kuelewana.» Chini yake namba ya komisioneri. Kijana amechoka kulipa nyumba kila mwezi. Amechoka pia kudaiwa garanti ya miezi sita, wakati sheria ya 31 Desemba 2015 inasema kwa nyumba ya kukaa isipite miezi mitatu. Anasoma tangazo na roho inaruka: chumba kimoja, lakini changu! Tunamwelewa kabisa. Ila kabla hajatoa feza ya likilimba na ile aliyoongezewa na mama yake, kuko swali ambalo komisioneri hatamuulizia: sertifika ya parsele ile iko kwa jina la nani?

Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali peke yake. Mwananchi anapewa haki ya kuutumia. Na artikulo yake ya 219 inasema haki ile inasimama kisheria kwa kitu kimoja tu, sertifika ya uandikishaji. Si karatasi ya mauzo. Si muhuri wa shefu wa kata. Si mashahidi wanne na kreti ya bia.

Karatasi ya mauzo haiko bure. Inaonyesha kwamba mulipatana na kwamba feza ilitoka mkononi mwako, na mbele ya tribinali inaweza kukusaidia. Lakini haikufanyi mwenye mali. Parsele inaweza kukatwa vipande, kila kipande kikapata sertifika yake. Chumba cha juu, chenye ngazi ya wote na shimo la choo la wote, mara nyingi kinauzwa bila mtu kugusa sertifika hata kidogo. Papa mwenye parsele anabaki peke yake kwenye kitabu cha konservateri, na weye unabaki na karatasi.

Miaka miwili mitatu inapita vizuri. Halafu papa anaenda kuomba mkopo na kuweka sertifika yake rehani. Benki inaangalia kitabu, inaona jina moja. Siku mkopo ukishindikana kulipwa, nyumba yote inauzwa, na studio yako imo ndani. Ao papa anafariki, watoto wanarudi kutoka Kinshasa na Bruxelles, hakuna hata mmoja anayekujua. Wanakuita mpangaji. Na hata bila kifo wala deni: ukuta unaoshikilia mlima nyuma ya nyumba ukianza kupasuka kwenye mvua ya Novemba, nani anaujenga? Hamukuandikiana kitu. Kila mtu anamwangalia mwenzake, na Bukavu yetu tunajua vile udongo unateremuka.

Komisioneri yeye anasema tu: «Fanya mbio, kuko mwengine anakuya kesho na feza mkononi.» Mwache akuye.

Mjini New York kuko majumba mengi ambamo mnunuzi wa studio hauziwi chumba chenyewe. Jumba lote ni mali ya shirika moja la wakaaji. Ananunua hisa za shirika, na hisa zinampa haki ya kukaa katika studio ile, kwa mkataba. Kila mwezi analipa sehemu yake kwa paa, ngazi na kodi ya jumba. Haiko paradiso, maana kamati inaweza kumkataa mtu anayetaka kununua, na mikutano yao tunaweza kuwaza vile inachosha. Lakini jina lililo kwenye titre ni la shirika lenu, haliko la mtu mmoja anayeweza kufariki ao kukopa bila kuwaambia.

Siye hatuna haja ya kuomba sheria mpya kwa hiyo. Kongo iko ndani ya OHADA tangu 12 Septemba 2012, na sheria ya OHADA juu ya koperative ilipitishwa Desemba 2010. Watu 5 wanatosha kuanzisha koperative ndogo. Kila mmoja ana sauti moja, hata kama mwenzake alitoa feza mingi zaidi. Watu kumi wa likilimba moja, wanaoaminiana kiasi cha kupeana feza kila mwezi bila karatasi, wanaweza kununua parsele moja pamoja, sertifika ikaandikwa kwa jina la koperative, studio kumi zikajengwa polepole. Feza itakuwa nzito, hatudanganyi mtu, na ugomvi hautakosa. Lakini ni ugomvi wa watu wenye mali.

Na Serikali isijifiche nyuma ya mpango wetu. Wazee wa Bagira wanajua nani alijenga nyumba zao: Office des Cités Africaines, iliyoundwa 1952. Ilikuwa kazi ya mkoloni, na ubaguzi wake ndani, hatuililii. Lakini nyumba zile zingali zinakaliwa, na leo ni Katiba yetu wenyewe, artikulo 48, inayoahidi makao yanayofaa. Tunauliza: ni wapi?

Kwa sasa tunadai vitu viwili ambavyo havihitaji bajeti. Ofisi ya konservateri ibandike mlangoni bei halali ya kuuliza parsele fulani iko kwa jina la nani na kama iko rehani, na anayelipa bei ile ajibiwe. Na mashefu wa kata waache kutia muhuri kwenye mauzo ya chumba kama hawajaona sertifika kwa macho yao. Mwanamemba yeyote wa kata anaweza kuwauliza hilo kwenye salongo ya Jumamosi, mbele ya watu.